MKUTUBI NAYE NI MWANAFUNZI

Ndugu msomaji, nataka nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu katika kijiji kimoja ninachokitembelea kwa kazi yangu ya elimu ya watu wazima.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa katika maktaba ya kijiji. Ni chumba kimoja tu, chenye rafu tatu za vitabu, meza na mabenchi mawili. Akaingia mama mmoja, mhitimu wa kisomo. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kanga. Kijana anayetunza maktaba akamwamkia:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama akaweka kifurushi mezani, akakifungua. Ndani mlikuwa na magunzi matatu ya mahindi yaliyotobolewa kama chekecheke. Unga ukamwagika mezani.

"Mwanangu," akasema, "mwaka jana nilikuuliza namna ya kuhifadhi mahindi, ukanipa kitabu. Nikakisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nikafanya kilivyosema. Mahindi nikayaacha na maganda yake, nikayaweka darini juu ya moshi. Sasa tazama. Madebe sita yamekwisha, na unga wenyewe si wa kusonga ugali. Watoto nitawapa nini mpaka mavuno?"

Kijana alikaa kimya. Akaenda kwenye rafu, akakitoa kile kitabu. Nikakipokea, nikafungua ukurasa wa mwanzo. Kilikuwa kimechapishwa mwaka 1972.

Kitabu hakikusema uongo. Wakati kilipoandikwa, mdudu aliyewasumbua sana wakulima ghalani alikuwa fukusi. Lakini mahindi ya mama huyu hayakuliwa na fukusi. Yaliliwa na dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Hapa kwetu alijulikana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka huko akaenea. Wakulima wengine wakampa jina la Scania, kama yale malori makubwa. Hula mahindi, hula na makopa ya muhogo. Hupenda sana mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Basi, kitabu cha mwaka 1972 kingemjuaje?

Na je, kosa ni la yule kijana? Mimi namfahamu. Si mvivu, wala si mlevi. Hufungua maktaba kwa saa iliyopangwa. Lakini alipoanza kazi alipewa mafunzo ya wiki mbili, basi. Tangu siku hiyo hajaitwa semina. Hajakutana na mkutubi mwenzake. Hakuna aliyemweleza kwamba kitabu nacho huzeeka. Alijibu swali la leo kwa jibu la zamani, na mama akapoteza chakula cha watoto.

Ndiyo sababu leo nazungumza nanyi habari za mkutubi, kazi yake, na namna anavyopaswa kujiendeleza.

MKUTUBI WA MAREJEO NI NANI?

Watu wengi hudhani kazi ya mkutubi ni kufungua mlango, kupangusa vumbi na kuandika jina la mtu aliyeazima kitabu. Hizo ni kazi zake, ndiyo, lakini ni sehemu tu.

Katika maktaba kubwa yuko mkutubi ambaye kazi yake hasa ni kupokea maswali ya watu na kuwasaidia kupata majibu. Huyu huitwa mkutubi wa marejeo. Hutumia kamusi, ramani, ensaiklopidia, vitabu vya sheria, taarifa za serikali na magazeti ya zamani. Vitabu vingi vya namna hii haviazimwi kupelekwa nyumbani. Husomwa palepale maktabani, ili kila mwenye swali avikute.

Kijijini hatuna wakutubi wengi. Mtu mmoja hufanya kazi zote. Kwa hiyo mtunza maktaba wetu ni mkutubi wa marejeo pia, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Siku mtu anapoingia na kusema, "Nina swali," kazi hiyo imeanza.

Kazi hii ilianza kuelezwa wazi zamani kidogo. Mwaka 1876, katika nchi ya Marekani, wakutubi walikutana katika mji wa Philadelphia wakaunda chama chao. Mmoja wao aliitwa Samuel Green. Alikuwa mkutubi wa mji wa Worcester, mji wenye viwanda vingi. Yeye aliwaambia wenzake kwamba haitoshi kuweka vitabu kwenye rafu. Mkutubi awafundishe watu namna ya kuitumia maktaba. Ayajibu maswali yao. Awasaidie kuchagua vitabu vizuri. Tena aitangaze maktaba, watu waijue na kuipenda.

Mwaka huohuo mkutubi mwingine wa Marekani, Melvil Dewey, alitoa mpango wa kuvipanga vitabu kwa namba. Mpango huo unatumika hata hapa kwetu. Ukienda maktaba ya mkoa ukaona namba 630 kwenye rafu, ujue hapo ni mahali pa kilimo. Ukiona 610, hapo ni mambo ya tiba. Mtu akizijua namba hizo, hapotezi siku nzima akitafuta kitabu.

SWALI HUFICHA SWALI JINGINE

Kujibu maswali ni kazi ya ufundi. Nitatoa mfano.

Mama mjane anaingia maktabani. Anasema, "Nipe kitabu cha sheria." Mtunza maktaba asiyefundishwa atamwonyesha rafu na kumwambia, "Vile pale." Mama atatazama vitabu vinene, atachoka, ataondoka.

Mkutubi aliyefundishwa atamwuliza kwa upole, "Mama, ni sheria ya jambo gani unayotaka kuijua?" Mama atasema, "Ya ardhi." Mkutubi ataendelea, "Ni kununua, kurithi, au mpaka?" Ndipo mama atakapotoa la moyoni: "Mume wangu amefariki. Shemeji zangu wanasema mwanamke hana shamba, nirudi kwetu."

Sasa swali limejulikana. Na hapa pana hatari nyingine kama ile ya dumuzi. Mkutubi akimpa mama huyu kitabu cha zamani kinachoeleza mila tu, amempotosha. Mwaka 1999 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huo, nayo ikaanza kutumika mwaka 2001. Sheria hiyo inasema mwanamke ana haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawasawa na mwanamume. Inasema pia kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Mkutubi anayejua kwamba sheria ilibadilika atamwonyesha mama ukurasa wenyewe. Kisha atamwelekeza kwa wanaoshughulikia mashauri ya ardhi.

Angalieni, sikusema mkutubi atamwamulia kesi. Mkutubi si hakimu, wala si mganga. Kazi yake ni kuonyesha habari ya kweli ilipo, na kumtaja mtaalamu anayehusika. Naye akiwa hajui, aseme, "Sijui, lakini tutafute." Neno hilo si aibu. Aibu ni kubahatisha.

KWA NINI MKUTUBI AENDELEE KUSOMA?

Ziko sababu tatu kubwa.

Kwanza, mambo hubadilika. Wadudu wapya huingia. Mbegu mpya hutolewa. Dawa iliyosifiwa jana huonekana leo kuwa ni sumu. Sheria hufutwa na nyingine hutungwa.

Pili, maswali ya watu hubadilika. Zamani mhitimu wa kisomo aliuliza zaidi habari za kilimo, afya na malezi. Leo anauliza hayo, na tena anauliza habari za mikopo, hati za ardhi, masoko, na shule za watoto.

Tatu, vyombo vya kazi hubadilika. Zamani orodha ya vitabu iliandikwa kwenye kadi ndogo zilizopangwa katika visanduku. Siku hizi maktaba nyingi kubwa hutumia kompyuta. Vijana wetu wana simu zenye intaneti. Wengine husema, "Maktaba ya nini tena? Kila kitu kimo kwenye simu." Ni kweli mengi yamo, lakini ya kweli na ya uongo yamo pamoja, kama mchele na chuya. Mkutubi aliyejifunza atamwonyesha kijana namna ya kupepeta: Nani ameandika habari hii? Aliandika lini? Ameyajuaje? Anauza kitu?

NJIA ZA KUJIENDELEZA

Haya, mkutubi afanyeje? Ziko njia nne, na nyingine hazihitaji fedha nyingi.

1. Masomo. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilitunga sheria ya kuanzisha huduma za maktaba kwa nchi nzima. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka 1975 ilitungwa sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na Bodi hiyo ipo mpaka leo. Siku za mwanzo, aliyetaka kusomea ukutubi ilimbidi avuke mipaka. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1963 Makerere, Uganda. Ilifundisha wanafunzi wa Uganda, Kenya na kwetu. Baadaye, mwaka 1989, Bodi ilianzisha chuo chake cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kule Bagamoyo. Hapo mtu huweza kusomea cheti, kisha stashahada. Anayetaka kupanda zaidi huenda chuo kikuu. Kwa hiyo kazi hii ina ngazi. Mtu huanza akiwa msaidizi, naye akijitahidi anaweza kuongoza maktaba ya mkoa.

2. Chama. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Wakutubi wa Afrika Mashariki waliunda chama chao katika miaka ya 1950. Baadaye kila nchi ikawa na chama chake, na Tanzania ina chama chake cha wakutubi. Mwaka 1974 wakutubi wa nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika walifanya mkutano wao wa kwanza, nao ulifanyika hapahapa Dar es Salaam. Tangu hapo wamekuwa wakikutana kwa zamu, nchi hii na nchi ile. Faida ya chama ni nini? Mkutubi wa mahali pamoja husikia yaliyomkuta mwenzake. Fikirini, kama kijana wetu angekuwa na mwenzake wa Tabora wa kuandikiana naye barua, angesikia habari za dumuzi mapema. Tena katika Kenya, mwaka 1996, wakutubi wa Garissa walianza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa kutumia ngamia. Habari kama hiyo humfungua mtu macho. Mkutubi anajiuliza, "Sisi hatuna ngamia, lakini baiskeli je?"

3. Wataalamu wa karibu. Chuo kingine kipo hapohapo kijijini. Bwana shamba, mganga wa zahanati, afisa maendeleo na walimu wote ni vitabu vinavyotembea. Mkutubi awatembelee. Awaonyeshe vitabu vya fani zao vilivyomo katika rafu, awaulize, "Kipi bado kinafaa? Kipi kimepitwa na wakati?" Kazi hii haihitaji nauli.

4. Daftari la maswali. Mkutubi anunue daftari moja. Kila swali linaloulizwa aliandike: tarehe, swali, jibu lilipopatikana. Lile lisilopata jibu alitie alama. Mwisho wa mwezi atazame. Maswali yasiyojibiwa ndiyo yanayomwonyesha anachopaswa kujifunza. Ndiyo pia yanayoonyesha vitabu gani viagizwe. Mkutubi mwenye daftari kama hilo akienda kwenye mkutano ana la kusema, na akiomba nafasi ya masomo ana la kuonyesha.

NASI WANAKIJIJI TUFANYEJE?

Ndugu msomaji, usiseme, "Hayo ni ya mkutubi, mimi hayanihusu." Maktaba ni yako. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata, wazee wetu walijifunza kusoma chini ya miembe, wengine kwa mwanga wa kandili. Maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini yaliwekwa ili waliohitimu wasije wakasahau. Maktaba ikifa, na kisomo hufifia.

Mambo haya yamo katika uwezo wetu:

Uliza. Mkutubi asiyeulizwa hulala usingizi mezani. Maswali yako ndiyo yanayomfanya atafute na ajue.

Ukipewa kitabu, tazama kimechapishwa mwaka gani. Mwaka huandikwa katika kurasa za mwanzo. Kama kinaeleza dawa, mbegu au sheria, nacho ni cha zamani, muulize mkutubi, "Je, hakuna jipya?" Vitabu vingine havizeeki upesi. Hadithi, mashairi na historia za wazee vitafaa hata baada ya miaka hamsini. Lakini kitabu cha dawa ni kama dawa yenyewe, kina mwisho wake.

Ukirudi kutoka shambani na jibu la kitabu limekushinda, rudi ukamweleze mkutubi. Yule mama alifanya vizuri sana kurudi na magunzi yake. Wengine hunung'unika nyumbani, na kosa linabaki rafuni likimngojea mtu mwingine.

Tena serikali ya kijiji iweke fungu dogo la nauli ya mkutubi. Tunachangia mbio za mwenge, tunachangia sherehe. Kwa nini tusimchangie mtu anayetutafutia majibu? Na akienda kusoma, tusiseme amekimbia kazi. Tumteue msaidizi wa kushika ufunguo mpaka arudi.

KISA CHA MAMA KILIVYOISHIA

Siku ile hatukumwacha mama aende hivihivi. Tulifuatana naye, mimi na yule kijana, hadi kwa bwana shamba wa kata. Bwana shamba alipoona magunzi hakuuliza mara mbili. "Huyu ni dumuzi," akasema. Akatueleza: mahindi yakaushwe vizuri, yapukuchuliwe mapema, yasikae kwenye magunzi. Kisha yachanganywe na dawa ya unga ya ghalani iliyotengenezwa kwa dawa mbili pamoja. Moja huua fukusi, na nyingine humuua dumuzi. Ile ya fukusi peke yake haimwezi dumuzi. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye pakiti, na dawa iwekwe mbali na watoto. Asiyetaka dawa anaweza kutumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Mdudu hukosa pumzi humo na kufa, mradi mfuko haujatoboka.

Kijana aliyaandika yote. Aliporudi maktabani alichukua karatasi, akaibandika ndani ya jalada la kile kitabu cha 1972: "Kitabu hiki hakimtaji dumuzi. Kabla ya kuhifadhi mahindi, muone mtunza maktaba au bwana shamba." Hakukitupa kitabu. Alikisahihisha. Kwa maoni yangu, siku hiyo ndiyo aliyoanza kazi ya ukutubi.

Baadaye nilizungumza na halmashauri ya kijiji. Palikuwa na ubishi kidogo. Mzee mmoja alisema, "Mtu wa kukaa kitini na vitabu atafundishwa nini tena?" Yule mama akasimama mkutanoni. Akasema maneno machache tu: "Mimi nimelipa madebe sita kwa kuwa huyu hakufundishwa. Nauli ya basi ni ngapi?" Watu wakacheka, kisha wakakubali. Kijana alikwenda maktaba ya mkoa, akakaa siku nne na wakutubi wa huko. Alirudi na orodha ya vijitabu vipya, na anwani za wenzake watatu. Sasa anajiandaa kuomba nafasi ya kusomea cheti.

Madebe sita hayakurudi. Msimu ule mama yule alilima vibarua ili watoto wale. Mavuno yaliyofuata aliyapukuchua na kuyatia dawa, na majirani zake wakaja kujifunza kwake.

Ndugu zangu, elimu haina mwisho. Tumezoea kusema maneno hayo kwa ajili yetu sisi tuliojifunza ukubwani. Tuyaseme pia kwa ajili ya anayetuazimisha vitabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwenu kuna maktaba au mahali pa kusomea? Anayeitunza amepata mafunzo gani?

2. Chagueni vitabu vitano vya kilimo, afya au sheria mlivyonavyo. Vilichapishwa mwaka gani? Muulizeni mtaalamu kama bado vinafaa.

3. Kila mmoja ataje swali moja ambalo angependa kupata jibu lake. Yaandikeni katika daftari, kisha mpelekeeni mkutubi.

4. Je, kijiji chenu kinaweza kufanya nini mwaka huu ili mkutubi wenu apate kujiendeleza?